Mahindi yakitoa mbelewele mvua inakata. Nibadilishe zao?

Mama_Ekari2:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi. Nalima ekari mbili kwa jembe la mkono, nategemea mvua tu. Msimu huu mvua ilianza vizuri, nikapanda, nikapalilia mara mbili, mahindi yakanifika kifuani. Yalipotoa mbelewele, mvua ikakata. Iliporudi majani yalichangamka, nikashukuru. Sasa navuna magunzi marefu yenye punje za kuhesabu, mapengo matupu. Jirani anasema mbegu feki. Kinachoniuma, mvua yenyewe haikuwa ndogo, kuna siku ilinyesha mpaka maji yakachimba mfereji katikati ya shamba. Mbegu ya akiba ni kidogo na nyumbani wanaitazama kama chakula. Nifanyeje?

Jembe_na_Mpini:
Pole sana dada. Mbegu tusiilaumu haraka. Kila unywele kwenye ndevu za hindi ni punje moja. Ukame ukipiga wakati huo, ndevu huchelewa kutoka, na mbelewele haisubiri, inamwaga chavua yake kwa takriban wiki moja ikaisha. Ndevu zilizochelewa hazikupata kitu, ndiyo hayo mapengo. Mvua ikirudi baadaye hunenepesha punje zilizoshika, lakini zilizokosa chavua hazirudi tena.

Huo mfereji nao umekujibu. Hewa ikiongezeka joto nyuzi 1, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Kwa hiyo udongo unanyonywa haraka, na mvua ikija inamwagika kwa kishindo. Maji uliyopata yamepita, hayakuingia ardhini.

Mimi ningeanza na mashimo ya zai, yaani vishimo vya kupandia vinavyoshika maji ya mvua. Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso, mkulima wa kawaida kabisa, alifufua ardhi iliyokuwa ngumu kama sakafu kwa kuboresha mashimo ya wazee wake baada ya ukame mkubwa wa Saheli, na mwaka 2018 akapewa tuzo ya Right Livelihood. Chimba kiangazi, upana sentimita 20 hadi 40, kina 10 hadi 20, udongo uweke upande wa chini wa mteremko, kisha tia samadi. Samadi huita mchwa, na mchwa hutoboa njia ambazo maji huzamia. Watu wengi huwapiga dawa mchwa hao, inanisikitisha sana.

Bibi_Kunde:
Kaka umesema vyema, ila kuchimba ekari nzima peke yake ni kumuua huyu mama. Vijana wameshakwenda mjini kutafuta vibarua, wamebaki wanawake na wazee. Mwanangu, tafuteni wenzako mchimbe kwa zamu, leo kwako kesho kwa mwenzio, na anza na kipande kidogo. Mahindi usiyaache yote, punguza. Tia kunde za muda mfupi, kuna zinazokomaa kwa siku 60 hivi, na majani yake mboga. Mbaazi nazo mizizi yake huenda chini sana. Mtama unavumilia, ukikosa maji unasimama kukua na mvua ikirudi unaendelea, lakini kama hakuna wa kuamia ndege watakula wao.

Mama_Ekari2:
Mungu awabariki. Wa kuamia ndege sina, kunde na mbaazi nitaweza. Samadi ninayo kidogo, mbuzi wengi niliwauza, na siku ile kila mtu alikuwa anauza, bei ikaanguka. Na hii mbegu ya akiba?

Jembe_na_Mpini:
Samadi kidogo inatosha, ndiyo faida ya shimo, unaweka konzi mbili pale penye mmea badala ya kutawanya shamba zima. Mbegu igawe mafungu mawili, na lolote usilitie ardhini kwa mvua ya kwanza, siku hizi inadanganya. Baada ya mvua fukua pembeni ya shimo. Ukikuta unyevu umeshuka kupita urefu wa kiganja chako, panda fungu la kwanza. Ukikuta vumbi chini ya tope, subiri.