Windows 10 imeachwa: kompyuta sita za steshenari Uyole, zipi zibaki na zipi zibadilishwe?

Uyole_Steshenari

Wakuu, habari za jioni. Naleta hili mezani kwa sababu linaninyima raha. Windows 10 imekatiwa masasisho ya kawaida tangu 14 Oktoba 2025, na kwa kazi za steshenari sijaona mfumo wa kuulinganisha nao: printa zote zinakubali, na mteja yeyote akikaa mbele yake anajua pa kubonyeza. Windows 11 inazikataa mashine ambazo bado zina nguvu zake. Skype ilifungwa Mei 2025, BlackBerry walizima huduma za simu zao za zamani Januari 2022, Windows Phone ilishazikwa kitambo. Unajenga kazi juu ya kitu, halafu mwenye nacho anakuja kung'oa nguzo.

Mashine ni HP EliteBook 840 G3 nne (i5-6300U, RAM GB 8, SSD GB 256), ThinkPad T480 moja (i5-8350U, RAM GB 8) na Dell OptiPlex 3020 ya mezani (i3 ya kizazi cha nne, RAM GB 4, diski ya kuzunguka). Printa: HP LaserJet P1102, Epson L3110 na Canon LBP2900. Kazi ni kuchapa barua na CV, kuprinti kutoka kwenye flashi na WhatsApp, na kuwajazia watu maombi ya HESLB na Ajira Portal. Hesabu za duka zipo kwenye TallyPrime.

Je, G3 ndiyo basi tena? Kulazimisha Windows 11 kuna madhara gani? Na mfumo upi utanifikisha angalau miaka mitatu bila kuhama tena?

Fundi_Mwanjelwa

Mkuu, usitupe hata moja. Tarehe ya Microsoft siyo siku mashine inapokufa. Angalia Windows 7: masasisho ya bure yalikoma 14 Januari 2020, lakini ilibaki kazini mpaka Chrome ilipoiacha mwanzoni mwa 2023, toleo la 109 likiwa la mwisho kwake. Kivinjari kikishaondoka, tovuti zinaanza kugoma moja moja, na hapo ndipo duka linakwama. Kwa Windows 10, Microsoft wamesema kivinjari chao, Edge, kitaendelea kusasishwa kwenye toleo la 22H2 angalau hadi Oktoba 2028, na Defender, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, nayo itapokea taarifa za virusi vipya hadi wakati huo. Kinachobaki wazi ni matundu ya mfumo wenyewe. Kwa mashine inayochomekwa flashi za watu kutwa nzima, hilo si jambo dogo.

T480 ipeleke Windows 11 bila wasiwasi. Siri ipo kwenye namba ya prosesa: i5-8350U ni kizazi cha nane, i5-6300U ni cha sita. Kwa Intel mlango unaanza kizazi cha nane, ukiacha chache sana za saba. Kwa AMD ni baadhi ya Ryzen 2000 na kuendelea. Bonyeza Windows+R, andika tpm.msc, utazame toleo la TPM, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai: liwe 2.0. Likikosekana kabisa, zima mashine, washa ukibonyeza F1, ingia sehemu ya usalama ya BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) na uiwashe chipu hiyo.

Kabla ya kupandisha, pima betri. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /batteryreport, kisha linganisha ujazo wa kiwandani na ujazo wa sasa. T480 ina betri mbili, moja ya ndani na moja ya kuchomoa, kwa hiyo soma safu zote mbili. Umeme ukikatika katikati ya kupandisha na betri ni mfu, utaamka na skrini nyeusi.

Kulazimisha kwenye G3 kunawezekana, prosesa yake ina maagizo yote ambayo toleo la 24H2 la Windows 11 linayadai ili liwake. Shida inakuja baadaye. Masasisho ya kila mwezi huwa yanaingia, ila lile kubwa la kila mwaka halijileti lenyewe. Unalazimika kushusha faili la zaidi ya GB 5 na kulisukuma kwa mkono, mashine moja baada ya nyingine. Na Microsoft hawaahidi chochote kwa mashine ya namna hiyo. Nyumbani sawa. Dukani ambako mteja anasubiri barua yake, hapana.

Jingine, kwa vumbi la kiangazi la huku Mbeya: fungua hizo G3, puliza feni na mapezi ya shaba, badilisha paste ya prosesa. Tupo kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na inabeba joto kidogo kuliko ya Dar. Feni iliyoziba huku inaumiza mapema zaidi, na mara nyingi watu wanailaumu Windows.

Miyomboni_PC

Naongezea kuhusu njia ya kununua muda. Kuna mpango wa masasisho ya ziada, ESU, unaofika 13 Oktoba 2026. Hakikisha kwanza upo 22H2 (Windows+R, andika winver). Ingia kwa akaunti ya Microsoft yenye haki za msimamizi, nenda Mipangilio, kisha Windows Update. Chini ya kitufe cha kutafuta masasisho utaona mstari wa kujiunga. Ukikubali kuhifadhi mipangilio yako OneDrive ni bure, usipotaka ni dola 30 mara moja. Akaunti moja inabeba hadi mashine 10. Mstari usipoonekana, mara nyingi ni kwa sababu masasisho ya 2025 hayajakamilika; yamalize yote, uwashe upya, utazame tena.

Angalizo: OneDrive ya bure ni GB 5 tu. Ondoa tiki kwenye Documents na Pictures, la sivyo kazi za wateja zitapanda huko na kulijaza, na bando litaisha.

Makambako_Linux

Ndugu Miyomboni, hatua zako ni sahihi, ila ESU hiyo ya dola 30 imekusudiwa matumizi binafsi. Ya biashara ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na bei inakuwa maradufu kila mwaka, mwisho miaka mitatu. Kwa mashine tano, ukiitoa T480, ni dola 305 mwaka wa kwanza peke yake. Hiyo si pesa ya kuizika kwenye G3.

Uyole, kwa lengo lako la miaka mitatu weka Linux Mint 22, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, ile ya muonekano mwepesi wa XFCE, kwenye zile G3 nne. Inatunzwa hadi 2029. Faili lake ni karibu GB 3, lishushe kwa bando la usiku, uliandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus. Hamisha kwanza kazi zote kwenye diski ya nje. Washa G3 ukigonga Esc, kisha F9, chagua flashi. Usikimbilie kusakinisha: Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, kwa hiyo jaribu Wi-Fi, sauti, printa, na ufungue tovuti za HESLB na Ajira hapo hapo. Ukiridhika ndipo usakinishe.

Sasa printa, maana huko ndiko watu wanakatia tamaa. Epson L3110 sakinishia dereva inayoitwa printer-driver-escpr, inatosha. P1102 inahitaji HPLIP, programu ya printa za HP, pamoja na kiambatisho chake: fungua Terminal (dirisha la kuandikia amri), andika hp-plugin, ukubali masharti. Ikiwa mashine inaiona P1102 kama CD badala ya printa, tatizo ni Smart Install, kipengele cha kujisakinisha kilichomo ndani ya printa. Izime kwanza kwa kutumia kompyuta ya Windows, ndipo urudi Mint. Canon LBP2900 usihangaike nayo. Dereva yake ya CAPT kwa Linux ni ya zamani na inasumbua kwenye mifumo ya sasa. Iache kwenye T480.

Nyaraka: CV ya mteja iliyoandikwa kwa Calibri ikifunguka LibreOffice, programu inayokaa badala ya Word kwenye Mint, bila fonti mbadala, mistari inasogea na ukurasa mmoja unakuwa mmoja na robo. Hakikisha fonti za Carlito na Caladea zimo. Zina vipimo sawasawa na Calibri na Cambria. Jedwali lenye mipaka ya ajabu bado linaweza kuhama, kwa hiyo waombe wateja walete PDF inapowezekana. Na ujue Office 2016 na 2019 nazo ziliachwa siku ile ile, 14 Oktoba 2025. Ukibaki nazo, faili la Word lililobeba virusi litapita tundu lisilozibwa.

Faida utaiona kwenye flashi. Kile kirusi cha shortcut kinachoficha mafaili ya mteja na kumwachia njia za mkato hakiwaki kwenye Mint. Unaona mafaili halisi, unayanakili, unaprinti. Kwenye Windows itabidi uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ndipo yatokee, E ikiwa herufi ya flashi.

Uyole_Steshenari

Asanteni sana, hii imenitua mzigo. Kwa hiyo TallyPrime na Canon zikae T480. OptiPlex je? Na nikitaka kuongeza laptop ya mtumba, niangalie nini pale dukani?

Fundi_Mwanjelwa

OptiPlex 3020 itoe ile diski ya kuzunguka, weka SSD ya SATA ya GB 240, na RAM ifike GB 8. Ni DDR3 ndefu ya kompyuta ya mezani. DDR4 fupi za G3 haziingii. Weka Mint, iwe ya kuprintia tu.

T480 ukiisakinisha Windows 11 upya kwa akaunti ya Microsoft, ujue 24H2 inafunga diski kwa usimbaji yenyewe. Ufunguo wa tarakimu 48 unabaki kwenye akaunti. Uchapishe siku hiyo hiyo, uuweke na leseni ya biashara. Akaunti ikipotea na mashine ikauomba, vitabu vya Tally havitoki humo.

Kwa mtumba, usinunue kwa jina la modeli. EliteBook 840 G5 zipo zenye i5-7300U, na T480 zipo za kizazi cha saba pia. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, fungua sehemu ya utendaji, soma jina la prosesa kwa macho yako. Kisha ingia BIOS. Ikidai nenosiri la msimamizi ambalo muuzaji hana, iache. Jaribio la mwisho: mwambie aifute mashine irudi kama mpya, kisha iunganishe na hotspot ya simu yako hapo hapo kaunta. Likitokea jina la kampuni ya Ulaya linadai barua pepe ya mfanyakazi, bado imesajiliwa kwao, na itarudi hapo kila ukisakinisha Windows yake.

Makambako_Linux

Na kwenye mashine za wateja, mkuu, fungua kivinjari kwa hali ya mgeni kila anapokaa mtu mpya. Nenosiri la HESLB likibaki kwenye kumbukumbu ya Chrome, anayefuata anaingia moja kwa moja kwenye maombi ya mwenzake, Linux au Windows.