Naenda Bangkok kufunga mzigo mwezi wa nne, hizi sikukuu zao zikoje?

MamaDuka_Kkoo
Habari zenu wadau. Nina duka la nguo za kike Kariakoo, siku zote nimekuwa naagiza kwa watu wanaosafiri, safari hii nimeamua niende mwenyewe Bangkok, Thailand, nikachague kwa macho yangu. Tiketi niliyoona bei nafuu ni ya kufika tarehe 10 April na kurudi tarehe 18. Sasa jirani yangu wa dukani kaniambia hiyo wiki ni sikukuu kubwa, nchi nzima inasimama na watu wanamwagiana maji barabarani, mwingine kaniambia wale ni Wabudha na wana mfalme, kwa hiyo wana sikukuu za dini na za mfalme mwaka mzima, ukienda bila kuuliza unakuta shughuli zimelala. Naomba mwenye uzoefu anieleweshe, siku zipi nizikwepe na siku zipi kazi inaendelea kama kawaida, na kama nikikuta siku yao ya dini mgeni anatakiwa akae vipi, maana sipendi kwenda kwenye nchi ya watu nikawakosea heshima. Natanguliza shukrani.

Mzigo_Mkononi
Dada sogeza hiyo tiketi. Jirani yako kakwambia ukweli mtupu.

Hiyo inaitwa Songkran, ni tarehe 13, 14 na 15 April kila mwaka, haihami, ndo mwaka mpya wao wa asili. Mwaka mpya wa kiserikali walishauhamishia tarehe 1 Januari tangu 1941 ila mioyo ya watu iko huku April. Benki na ofisi za serikali zinafungwa, lakini kwako wewe hilo ni dogo, kubwa ni kwamba wale wadada wanaouza Pratunam, soko la nguo za jumla, na mafundi wanaoshona huko nyuma wengi kwao ni Isan, kaskazini mashariki, na Songkran ndo siku ya kurudi kwa wazazi. Kuanzia tarehe 11 hivi mabasi na treni zimejaa, barabara za kutoka mjini foleni usiku kucha. Maduka makubwa ya kisasa yanafungua na utakula na kujinunulia vitu vyako vizuri tu, ila mzigo wa jumla, yaani unataka blauzi mia kwa saizi zote, mwenye mali hayupo, na akirudi anaanza kumaliza oda za watu waliomwachia hela kabla ya sikukuu, wewe mgeni utasubiri. Cargo nao wanalala siku hizo hizo. Kwa hiyo ama ufike mwishoni mwa mwezi wa tatu uwe umemaliza kabla ya tarehe 9, ama uende kuanzia tarehe 20 huko.

Ukilazimika kuwepo basi jua utalowa. Hakuna kupita pembeni. Mitaa ya Silom na Khao San ndo kitovu, umati wa watu na bunduki za maji, pembeni mapipa yamewekwa mabarafu makubwa ukimwagiwa kopo moja unashtuka mpaka kwenye mifupa, halafu anakuja mtu mzima na adabu zake zote anakupaka shavuni chokaa laini nyeupe iliyokorogwa na maji, anakutakia heri anaondoka. Usikasirike, hiyo ni baraka anakupa. Simu na hela weka kwenye kimfuko cha plastiki cha kuvaa shingoni, vinauzwa kila kona. Na tafadhali sana usipande bodaboda siku hizo, kila mwaka serikali yao inatangaza siku saba za hatari barabarani kwa sababu ya vifo vya ajali, watu wamekunywa, barabara imelowa, pikipiki inarushiwa ndoo ya maji usoni.

Kitu kingine ambacho watu wanasahau, angalia viza yako isiishie katikati ya sikukuu. Uhamiaji wakifunga wamefunga, na ukizidisha siku faini ni baht 500 kwa kila siku mpaka ifike 20,000.

Mwishoni mwa Januari na Februari pia uwe makini. Mwaka mpya wa Kichina kitaifa siyo siku ya mapumziko, ukiangalia kalenda ya serikali huioni, lakini Sampeng na Yaowarat, mitaa ya Wachina pale Bangkok, wenye maduka wengi wana asili ya Kichina, unakuta mageti yameshushwa mtaa mzima.

Bonde_la_Ruvuma
Nimesoma kule, niongezee upande wa dini maana Mzigo_Mkononi kamaliza upande wa biashara.

Hiyo Songkran ya barabarani ni nusu tu ya habari. Asubuhi yake ni kitu kingine kabisa na mimi ndo naipenda zaidi. Watu wanaamka mapema wanapeleka chakula kwa watawa, wanamwagia sanamu ya Buddha maji yenye marashi na maua taratibu, hekaluni watoto wanajenga vichuguu vya mchanga wanavipamba na vibendera, halafu nyumbani wazee wanakaa kwenye viti, vijana wanapiga magoti mbele yao na kuwamwagia maji kidogo viganjani, wanaomba radhi kwa yote ya mwaka uliopita, na mzee anawaombea dua. Nilikaribishwa kwenye familia ya mwenzangu wa darasani, bibi yao mikono inatetemeka, kila mjukuu anasogea kwa zamu na kibakuli chake cha maji ya maua ya asumini, mimi nikaambiwa nisogee kama wao, na bibi akanishika kichwa akaniombea kwa lugha yao kama anavyowaombea wajukuu zake. Unesco waliiingiza Songkran kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwezi Desemba 2023 na kwa kweli wanastahili.

Sasa siku za dini zenyewe zinafuata mwezi, karibu zote zinaangukia mwezi mpevu. Makha Bucha ni Februari au Machi, wanakumbuka watawa 1,250 waliokusanyika kwa Buddha bila kuitwa na mtu. Visakha Bucha mara nyingi ni Mei, ndo kubwa kuliko zote, wanaadhimisha kuzaliwa kwake, kupata nuru na kufa kwake, yote siku moja. Asanha Bucha mara nyingi ni Julai, mahubiri yake ya kwanza, na kesho yake inaanza Khao Phansa, miezi mitatu ya mvua ambayo mtawa analala kwenye hekalu lake tu hahamihami. Ukiwa na nafasi uende Ubon Ratchathani kipindi hicho, wanatembeza mishumaa mikubwa ya nta iliyochongwa watu na wanyama na maua, inabebwa kwenye magari maana haibebeki kwa mikono.

Jioni ya siku hizo tatu za mwezi mpevu nenda hekalu lolote la mtaani, achana na yale ya watalii. Utaona watu wameshika ua la yungiyungi, vijiti vitatu vya udi na mshumaa, wanalizunguka jengo mara tatu, mkono wa kulia ndo unakuwa upande wa jengo, kimya, watoto wamelala mabegani kwa baba zao. Mgeni anaruhusiwa kabisa kuingia kwenye mstari. Funika mabega na magoti, vua viatu ukiingia ndani, ukikaa usinyooshe miguu kuelekea sanamu, na wewe kama mwanamke usimguse mtawa wala usimpe kitu mkononi moja kwa moja, weka mbele yake achukue mwenyewe.

Pombe siku hizo madukani haiuzwi, hata ukiichukua kwenye rafu keshia hawezi kukupigia. Mwaka 2025 walilegeza kidogo, viwanja vya ndege vya kimataifa, hoteli na baadhi ya sehemu za starehe zenye kibali wanaruhusiwa, ila dukani mtaani bado. Lakini masoko ya nguo siku hizo mengi yako wazi, hapo usiwe na hofu.

Mtoto_wa_Makunduchi
Nimefurahi kuisoma hii. Kwa sisi wa Unguja hiyo ya Songkran haitushangazi hata kidogo, kwetu Makunduchi mwaka unapogeuka Julai watu wanakwenda kuoga baharini na wanaume wanapigana kwa migomba kutoa hasira za mwaka mzima, ukishamaliza unasamehe unaanza upya. Nimekaa Bangkok kwa shughuli za mawe ya vito na nilipoona vijana wanaomba radhi kwa wazee kwa maji nilijihisi niko nyumbani.

Nataka nimfafanulie dada hapo kwenye mwezi maana watu wetu wengi wanakosea mahesabu. Kalenda ya Hijria haiongezewi kitu, ndo maana Ramadhani inazunguka, mara masika mara kiangazi. Hawa Wabudha wa Thailand wakiona mwezi umewaacha nyuma ya jua wanaongeza mwezi mzima wa 13, kwa hiyo sikukuu zao zinacheza mbele na nyuma lakini haziachi msimu wake. Mfano Asanha Bucha 2025 ilikuwa tarehe 10 Julai, 2026 ikawa tarehe 29 Julai. Na 2026 hiyo tarehe 28 ni kuzaliwa kwa mfalme, 29 Asanha, 30 Khao Phansa, siku tatu mfululizo. Ukikopi tarehe za mwaka jana umekwama. Tena sikukuu ikiangukia Jumamosi au Jumapili wanaifidia kwa kupumzika Jumatatu, hiyo nayo ihesabu.

Kwa Waislamu wenzangu, msiogope, Bangkok misikiti ipo mingi. Mimi nilikuwa naswali Haroon pale Bang Rak, ndani ya vichochoro karibu na mto, Ijumaa baada ya swala chakula cha halali kimejaa nje. Eid siyo mapumziko ya nchi nzima ila kule kusini, Pattani, Yala, Narathiwat na Satun, Eid zote mbili ni siku rasmi maana Waislamu ni wengi. Ukiwa Bangkok siku ya Eid asubuhi unaswali na kanzu yako, ukitoka unakuta mji uko kazini, inabidi uzoee.

Na kama kuna anayefuata mawe kama mimi, soko la Chanthaburi ni Ijumaa mpaka Jumapili, hata mawe ya Tunduru yamepita sana pale.

MamaDuka_Kkoo
Jamani Mungu awabariki, nimeshaandika kwenye daftari. Nimeongea na wakala nahamishia tarehe 22 April hadi 2 Mei. Je hapo kuna siku ya mfalme? Na nasikia siku za mfalme watu wanavaa njano, je na mgeni ni lazima? Mimi njano ninayo moja tu.

Mzigo_Mkononi
Hapo umepatia. Utakuta tarehe 1 Mei tu, sikukuu ya wafanyakazi, benki zinafunga ila wauzaji wengi wapo. Tarehe 4 Mei ndo kumbukumbu ya kutawazwa mfalme Vajiralongkorn, 2019, utakuwa umeshaondoka. Nyingine za kifalme ziweke kichwani kwa safari zijazo: 6 April ukoo wa Chakri ulivyoanza kutawala 1782, 3 Juni kuzaliwa kwa malkia Suthida, 28 Julai kuzaliwa kwa mfalme mwenyewe, 12 Agosti siku ya akina mama ambayo ni tarehe aliyozaliwa malkia Sirikit aliyefariki Oktoba 2025, 13 Oktoba alipofariki mfalme Bhumibol 2016, 23 Oktoba kumbukumbu ya mfalme Chulalongkorn aliyefuta utumwa, na 5 Desemba alipozaliwa Bhumibol, ndo siku yao ya akina baba.

Njano siyo lazima kwa mgeni. Kila siku ya wiki kwao ina rangi yake na wafalme wawili, Bhumibol na mwanawe Vajiralongkorn, wamezaliwa Jumatatu ambayo ni njano, kwa hiyo wenyewe wanaivaa kwa mapenzi. Wewe vaa nguo ya heshima tu. Ila usije ukamsema mfalme vibaya hata kwa utani, wala kuandika mtandaoni, kifungu cha 112 cha sheria yao ya makosa ya jinai ni miaka 3 mpaka 15 jela kwa kila kosa. Na ukiwa sokoni au stesheni saa 2 asubuhi au saa 12 jioni wimbo wa taifa ukipigwa, ukiona watu wamesimama, simama na wewe mpaka uishe, haufiki hata dakika mbili.

Ukifika nitumie meseji humu nikuelekeze cargo ya kupeleka mzigo, na hakikisha umewakabidhi kabla ya tarehe 30.