Mwanangu kaletewa kitabu cha Jon Bing maktabani. Kuna anayemjua huyu mwandishi?

Mama Baraka wa Drammen

Wakuu, habari za jioni. Nipo Norwei mwaka wa tatu sasa na Kinorwei bado kinanitoa jasho. Mwanangu ana miaka 10, akili yote iko kwenye roketi. Juzi mama wa maktaba kaingia stoo kamtolea kitabu cha zamani, gamba limechakaa, kurasa zimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Kinaitwa Azur, cha Jon Bing, kimechapwa 1975. Ndani kuna chombo cha angani kinaitwa Alexandria, na wala hakiendi vitani. Ni maktaba! Kinazunguka sayari kwa sayari na maarifa yake.

Tunasoma wote usiku tukishakula. Yeye anasoma, mimi nashika kamusi, maana tusidanganyane, mwalimu ni yeye. Jana tumekwama kwenye stjerneskip. Hawa watu maneno yao yamegandana kama maandazi yaliyobanana kwenye karai. Tukalibandua: stjerne ni nyota, skip ni meli. Nikamwambia basi ni "meli ya nyota". Akakataa, eti meli ni ya majini. Nikasema "jahazi la nyota", hilo akalikubali papo hapo, kana kwamba jahazi linapita barabarani.

Baba yake anasema hizo ni hadithi za uongo, mtoto apewe hesabu. Naomba kujua: huyu Bing ni nani? Ana vitabu vya watu wazima? Na kuna chochote chepesi kwa mtu wa B1, yaani Kinorwei cha kiwango cha kati, kama mimi?

Mzee wa Trondheim

Mama Baraka, shikamoo ya mtoto nimeipokea hata kama hakuituma. Nimefanya kazi ya usaidizi shuleni huku miaka 17, hao watu nawafahamu kupitia rafu za watoto.

Bing humsomi peke yake, lazima umtaje na mwenzake Tor Åge Bringsværd. Bringsværd kazaliwa 1939 Skien, mji uleule aliozaliwa Ibsen, yule mwandishi wa tamthilia. Bing kazaliwa Tønsberg 1944. Wakiwa Chuo Kikuu cha Oslo walikuwa miongoni mwa walioanzisha klabu ya wapenzi wa hadithi hizi, Aniara, 1965. Miaka miwili baadaye wakatoa kitabu chao cha kwanza pamoja, Rundt solen i ring. Baadaye wakawa wahariri wa mfululizo mzima wa vitabu vya aina hiyo pale Gyldendal, kampuni ya uchapishaji. Kinorwei hakikuwa na neno lake la kuziita hadithi hizi, wakatunga wenyewe: fabelprosa. Ngano na nathari ndani ya neno moja. Sisi tumebaki na "hadithi za kubuni za kisayansi", mdomo unachoka roketi haijaruka.

Waliandikia kila rika, na hilo ndilo ninalowapendea. Azur ni cha kwanza tu, Alexandria ina vitabu vingine: Zalt, Mizt na Tanz. Kwa wadogo kabisa Bringsværd ana Ruffen, joka la baharini lisilojua kuogelea, michoro ya Thore Hansen. Nilikuwa nawasomea watoto wa darasa la kwanza, kila mwaka wanauliza swali lilelile: kwa nini mama yake hakumfundisha? Pia ana mfululizo wa miungu ya kale ya Wanorwei, vitabu 12. Huo Baba Baraka akiufungua hatauweka chini.

Vya watu wazima vipo tele, lakini nisikilize mimi niliyefeli mtihani wa lugha mara mbili: usiviguse kwanza. Bringsværd anayachezea maneno kama mpira wa makaratasi. Mimi kwa kiburi nilianza na Gobi, riwaya ya enzi za Genghis Khan. Ukurasa wa 11 nikairudisha maktabani, nikamwambia dada wa pale nimemaliza. Anza na Ruffen, bila aibu. Ukitaka kusikiliza, waliandikia NRK, televisheni ya taifa ya huku, tamthilia ya sehemu tatu, Blindpassasjer, 1978. Wasafiri wa angani wanarudi kutoka sayari ya mbali, na mmoja wao si binadamu tena, ila hawajui ni nani. Mambo yenyewe yanakwenda taratibu, sikio linafuata.

Halafu, tovuti ya Maktaba ya Taifa, nb.no: vitabu vingi vya karne iliyopita unavisoma bure ukiwa ndani ya Norwei. Usinunue kabla hujapita hapo.

Wakili Mchovu, Dar

Samahani naingilia. Jon Bing yupi huyo? Mimi nimesoma Oslo shahada ya pili, sheria na teknolojia, na Jon Bing ninayemjua ni profesa wa sheria! Yeye na Knut Selmer ndio waliokianzisha kile kituo cha sheria na kompyuta pale chuoni, 1970, kompyuta ikiwa bado inajaza chumba. Ana kitabu kinene cha 1984 kuhusu kutafuta sheria na hukumu kwa kutumia kompyuta. Nilikibeba kwenye begi muhula mzima, bega ndilo shahidi.

Mzee wa Trondheim

Ndiye huyohuyo, mkuu. Alifariki 2014. Mchana anafundisha namna ya kupanga sheria zipatikane, usiku anarusha maktaba angani. Ukifikiri vizuri ni kazi ileile.

Wakili Mchovu, Dar

Miaka miwili nimekaa kwenye mji ule na hakuna aliyeniambia. Nakuja nb.no. Aa, kumbe lazima niwe Norwei. Basi tena.

Mama Baraka wa Drammen

Asanteni sana wakuu. Ruffen nimeshaiagiza maktabani, mtoto kanicheka eti ni ya chekechea. Baba Baraka nilimsomea hapo kwa Wakili, akauliza, "Profesa? Wa sheria?" Akakaa kimya. Jana usiku kaja kajipenyeza kwenye kochi, kaichukua kamusi mkononi mwangu, na kabla hatujafika nusu ukurasa akasema jahazi la nyota si sahihi, iwe "chombo cha nyota". Mpaka saa nne tulikuwa bado tunabishana, kitabu kimefunikwa mezani.