Tupeane uzoefu: mtengenezaji wa programu anayefanyia kazi nyumbani alipwe kwa kuangalia anakoishi?

Mkazi wa Uyole (mwanzisha mada)
Wanajamvi, habari za leo. Kwa miaka minne nimekuwa nikiandika programu nikiwa Uyole, Mbeya, kwa ajili ya kampuni ya nje ambayo sijawahi kutia mguu ofisini kwake. Mwaka jana, tulipokuwa tunahuisha mkataba, nilionyeshwa jedwali lenye safu ya kigezo cha eneo, yaani namba inayozidishwa na mshahara wa msingi kulingana na mahali unapoishi: mwenzangu wa Berlin, ambaye hukagua kazi yangu nami nikakagua yake kila siku, aliandikiwa 0.8, mimi 0.4. Nilielezwa kwa upole kwamba maisha ya Mbeya ni nafuu.

Viazi ni nafuu, sibishi. Lakini kompyuta niliinunua Dar es Salaam, ikasafiri zaidi ya kilomita 800 kwenye buti la basi, na hakuna aliyenipunguzia bei kwa sababu naishi Uyole. Inverta na betri ni zangu, na bando nanunua kwenye laini mbili za mitandao tofauti, kwa kuwa mmoja ukizima katikati ya kikao hakuna anayekumbuka habari ya unafuu.

Utaratibu wenyewe si siri. Kampuni ya programu ya GitLab huutangaza waziwazi, na Mei 2020 Mark Zuckerberg aliwaambia wafanyakazi wa Facebook kwamba watakaohamia maeneo yenye gharama ndogo mishahara yao itarekebishwa. Kinyume chao, kampuni ya programu ya 37signals huchukua soko la San Francisco kuwa kipimo cha wote, popote waishipo. Aliyewahi kujadiliana jambo hili atusimulie lilivyokwenda.

Dada wa Kihesa
Kaka, mimi niko Iringa, na kosa langu la kwanza lilikuwa kubishana kuhusu bei ya unga na kodi ya nyumba. Nilimuuliza meneja wangu kama nikihamia Zurich, Uswisi, kwenye gharama kubwa, kesho wataniongezea. Akacheka, akasema ningepaswa kuomba kibali kwanza. Hapo nikaelewa kwamba gharama za maisha ni lugha ya adabu tu. Kinachopimwa ni bei ya soko, yaani mwajiri mwingine anayeweza kunichukua angenilipa kiasi gani. Basi nikaacha habari za unga, nikafanya usaili kwenye kampuni nyingine tatu za nje zinazoajiri watu walioko huku, na nilipopata barua mbili za ajira nikazipeleka mezani, kuonyesha kwamba soko langu si Iringa tena. Nilitoka 0.45 nikafika 0.6. Sikupata 0.8, na sikuacha kazi.

Tukuyu Mvua
Mimi hulipwa kwa kazi, si kwa mwezi. Tunakubaliana bei kabla sijaanza, na hakuna aliyewahi kuniuliza naishi wapi. Ila mwezi usio na kazi ni wangu peke yangu.

Forest Mpya
Naomba niseme lisilopendeza. Nina ofisi ndogo hapa Mbeya yenye vijana wawili, mmoja akifanya kazi kutoka Njombe, mwingine Dar es Salaam. Wa Dar nilimlipa zaidi, kwa sababu ya kodi ya nyumba na nauli. Wa Njombe aligundua siku nilipowatumia hati za mishahara kwa kosa katika faili moja, akanipigia simu, nami nikajikuta nikimweleza maneno yale yale niliyowahi kuambiwa na Wazungu, mpaka nikaona aibu. Nilisawazisha baada ya miezi mitatu, na mwaka ule hakuna aliyeongezwa. Hata hivyo, tukumbuke kwamba wengi wetu tulifunguliwa mlango kwa sababu tulikuwa wa bei ndogo. Kampuni ikilazimika kulipa kiwango cha San Francisco kila mahali, huenda ikaajiri huko huko San Francisco.

Mkazi wa Uyole
Mkuu wa Forest, hilo nalikubali kwa nusu. Malipo ya mkataba wangu wa kwanza niliyasaini kwa furaha, kwa kuwa hakuna mwajiri mjini hapa aliyeweza kuyafikia; lakini mlango niliingia miaka minne iliyopita, na tangu hapo mfumo wao wa malipo nimeuandika mimi. Dada wa Kihesa, zile barua ulizionyesha zenyewe au ulitaja kiasi tu? Kikao changu ni Jumanne, saa tatu usiku.

Dada wa Kihesa
Nilitaja kiasi tu. Barua nilizitoa walipoziomba.