Kusomea filamu na televisheni: nianzie komyuniti koleji au nisubiri chuo kikuu?

kijana_wa_lenzi

Shikamooni wakubwa, na rika langu habari zenu.

Nina miaka 19, naishi San Jose na mama. Huu ni mwaka wetu wa tatu California, makaratasi yetu yako sawa. Sekondari nimemaliza Juni. Ninachotaka kusomea ni filamu na televisheni, na si jambo la jana. Tangu nina miaka 12, nikitazama kitu nahesabu wamekata picha mara ngapi.

Mjomba wangu anasema nikiingia komyuniti koleji nimejifungia mlango, eti watu wa filamu wanaanzia UCLA na USC, vyuo vikuu vya kule Los Angeles, tangu mwaka wa kwanza. Mama anatunza wazee majumbani mwao, zamu mbili kwa siku, sitaki kumtwika deni. Wiki iliyopita nilikwenda De Anza, komyuniti koleji ya pale Cupertino, wana idara ya filamu na televisheni. Mlango wa studio ulikuwa wazi. Nikaona taa zinaning'inia darini, nikasimama pale mpaka mtu akaniuliza namtafuta nani.

Je, miaka miwili ya koleji itahesabiwa nikihamia chuo kikuu? Kwa filamu hasa, au njia hiyo ni ya wahasibu na wauguzi? Kazi niliyo nayo mkononi ni filamu moja ya dakika nne: mama anavaa viatu saa kumi na moja alfajiri.

baba_wa_pacha

Marahaba kijana. Ya filamu siyajui, nitasema ya pesa, maana binti yangu alipita hapo kwa masomo mengine.

Mkazi wa California analipa dola 46 kwa yuniti, yaani kipimo cha ukubwa wa kozi, katika koleji za umma. De Anza wanafuata robo, vipindi vifupi kuliko mihula, na yuniti yao ni ndogo zaidi, kwa hiyo kwao ni dola 31 kwa yuniti ya robo. Kuhamia kunataka yuniti 90 za robo. Piga hesabu: dola 2,790 kwa safari yote, kabla ya vitabu na ada ndogondogo. Karo ya USC inapita dola 60,000 kwa mwaka mmoja. Na kwa kipato cha mama peke yake huenda hata hizo 2,790 usizitoe. Jaza FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa masomo, kisha uombe California College Promise Grant, inawafutia ada ya yuniti wakazi wenye uhitaji.

Mjomba msalimie. Mwambie George Lucas, yule wa Star Wars, alisoma Modesto Junior College kabla ya kwenda USC.

dada_wa_sauti

Mdogo wangu, nimeyasoma maneno yako mara mbili. Njia hiyo niliipita, ila koleji nyingine, na leo kazi yangu ni sauti: mchana nashika maiki ya fito, usiku nahariri. Njia ipo na inafika. Kilichoniumiza mimi ni mpangilio.

Nilipoingia nilikimbilia vifaa. Muhula wa kwanza nilichukua kamera, taa na uhariri, wa pili nikaongeza sauti na studio ya televisheni. Nilikuwa na furaha isiyo kifani, hilo silikani. Hisabati nikaiweka kando, na kozi ya pili ya uandishi wa Kiingereza nayo nikaiweka kando. Siku ya kuomba kuhamia ndipo nikaambiwa kwamba kozi zangu tatu za vitendo zinahesabiwa kama yuniti za hiari tu, kwenye shahada yao ya filamu haziingii, nitazirudia. Na bila hisabati sihami. Nikabaki koleji mwaka wa tatu nasoma takwimu, wenzangu wamekwenda. Tena ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wanafunzi wenye uhitaji, ina kikomo, ni mihula 12 tu maishani mwako, na ule mwaka ulinimezea miwili.

Kwa hiyo leo hii, kabla hujalala, fungua assist.org. Ni tovuti rasmi ya vyuo vya umma vya California. Weka De Anza upande mmoja, chuo unachokitamani upande wa pili, uchague shahada ya filamu. Itakuonyesha kozi ipi ya De Anza inapokelewa badala ya ipi ya kule. Palipoandikwa kwamba hakuna kozi inayolingana, amini hivyo. Mshauri wa masomo akikwambia vingine, mwombe akuonyeshe kwa maandishi. Wangu alikuwa mtu mwema, na bado alikosea.

Jua pia kwamba CSU na UC, mifumo miwili ya vyuo vikuu vya umma vya California, ni nyumba mbili tofauti. CSU kuna San José State, hapo hapo ulipo, wana shahada ya redio, televisheni na filamu, na San Francisco State wana sinema. Hawa wanataka kozi nne uzimalize mapema, kila moja kwa alama isiyopungua C-: kuzungumza mbele ya watu, uandishi, kufikiri kwa kupima hoja, na hisabati. Ipo pia shahada ya koleji iitwayo ADT inayokuhakikishia nafasi ndani ya mfumo wa CSU, ingawa si lazima iwe kampasi unayoitaka. Ya filamu na televisheni ipo jimboni, waulize idara kama wao wanaitoa.

UC wanataka uandishi wa Kiingereza kozi mbili na hisabati moja, zote kwa C kwenda juu. Kampasi sita za UC zina mkataba wa TAG, wa kukuhakikishia nafasi ukitimiza masharti, unaomba mwezi wa Septemba, kwa kampasi moja tu. UCLA haimo. Filamu ya UCLA inachukua wachache mno, na juu ya fomu ya kawaida wanataka kazi zako za kuandika. Hapo ndipo wengi wetu tuliozoea kamera tulikwama, tulikuwa na picha nyingi na kurasa hatuna.

Ningekuwa wewe, robo ya kwanza ningechukua historia ya filamu, Kiingereza, na hisabati. Ya pili uandishi wa skripti. Kozi ya vitendo moja kila robo, isizidi. Kiu ya vifaa itakusumbua, naijua. Ikatie kwenye filamu za wenzako: jitolee kubeba taa, kushika ubao, kushika maiki. Mwanafunzi anayekubali kushika maiki anaitwa kila wikiendi.

msafiri_f1

Samahani kuingilia. Mimi niko kwa viza ya mwanafunzi, bei ni hiyo hiyo?

baba_wa_pacha

Hapana ndugu. Wewe unahesabiwa si mkazi, yuniti moja inapanda mara kadhaa. Na viza yako inakudai masomo ya muda wote, yaani yuniti 12 kila kipindi.

kijana_wa_lenzi

Asanteni sana. Dada, nimefungua ASSIST mpaka saa saba usiku. Historia ya filamu nimeiweka robo ya kwanza pamoja na Kiingereza na takwimu, nimemsomea mama orodha yote na mjomba alikuwepo, alinyamaza tu.

Swali la mwisho. Ile filamu ya viatu niitumie nikiomba? Haina sauti, maiki ya kamera ilikuwa inavuma, nikaifunika kwa muziki wa piano.

dada_wa_sauti

Itengeneze kwanza. Utoe huo muziki wote. Muombe mama siku moja ya mapumziko akuvalie vile viatu tena, pale pale alipokaa. Zima friji kwa dakika kumi, ufunguo wa gari uweke ndani ya friji usije ukasahau kuiwasha. Sogeza maiki karibu na sakafu, nje ya picha, urekodi kamba zinavyopita kwenye matundu, pumzi yake anapoinama, kisigino kikigonga chini. Akishamaliza viatu, mwambie akae kimya, nawe urekodi sekunde 30 za chumba chenyewe bila mtu kusema. Hizo utazihitaji chini ya kila picha unapohariri.

Halafu andika kurasa mbili: anakwenda wapi akishafunga mlango.