Mjadala: Je, DNA iamue nani Mswahili?

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naandika kutoka Langoni, Amu (Lamu). Tangu juzi hoja ni mbili. Ndugu yetu wa Malindi asema utafiti wa DNA wa mwaka 2023 umemaliza ubishi: sisi ni Washirazi, yaani wazao wa Waajemi wa Shirazi, na tuandikwe hivyo. Mzee wetu wa Shela naye asema mifupa ya wazee haikufaa kuguswa, na lolote lililotokana nayo litupwe. Mimi naona utafiti ule tuusome, tena vizuri, lakini usiwe kamwe cheti cha mtu kuonyesha mlangoni.

Wengi naona wanaunukuu kwa kusikia, kwa hiyo nieleze. Ulichapishwa katika jarida la Nature mwezi Machi 2023. Wataalamu, wakiwamo mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba na David Reich wa Harvard, walisoma DNA ya watu 80 wa kale. Wengi walizikwa katika miji ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi: Mtwapa, Kilwa, Songo Mnara, na pia Manda na Faza, visiwani kwetu hapa. Wakaona kuwa watu wa Afrika na wa Asia walianza kuoana karibu mwaka 1000. Asili ya Asia ilitoka zaidi Uajemi, na kidogo India. Baada ya mwaka 1500 ile ya Uarabuni ikaongezeka.

Basi ndugu wa Malindi ana haki hapo. Simulizi za Washirazi, ambazo wasomi kadhaa walizichukulia kuwa za kujitafutia heshima tu, zina mzizi wa kweli. Lakini ameishia nusu ya habari. Kromosomu Y, sehemu moja ya DNA, hutoka kwa baba kwenda kwa mwanawe wa kiume, na kwa wazee wale nyingi zilikuwa za Asia. DNA ya mitokondria hutoka kwa mama peke yake, na karibu yote ilikuwa ya Afrika. Ukijumlisha, kwa wengi wao asili ya Afrika ilipita nusu.

Hesabu mwenyewe. Rudi vizazi kumi nyuma, nafasi za wazazi wako katika kizazi hicho ni 1,024. Kromosomu Y yakueleza habari za mmoja tu. Mmoja! Hao wengine 1,023 wamekukosea nini?

Kwetu mna silsila, orodha ya ukoo, imekunjwa kwenye kasha. Nikiwa mdogo nyanya yangu aliifungua akanisomea, kidole chake kikishuka jina baada ya jina, "bin" fulani "bin" fulani, majina kumi na manne, yote ya wanaume. Nikamuuliza mama zao wako wapi. Akaikunja karatasi, kisha akanitajia kwa kichwa mama zake saba, na kila mmoja nyumba aliyozalia. Nyumba yake mwenyewe imeunganishwa na ya dada yake kwa wikio, chumba kilichovuka juu ya kichochoro, kwa kuwa baba yao aliwajengea mabinti, na waume ndio waliohamia. Kila nikisoma matokeo yale naliona wikio lile. Mgeni alishuka jahazini akaingia nyumba ya mke, na watoto wakakua na lugha ya mama. Ndiyo maana Kiswahili ni lugha ya Kibantu hadi leo, ijapokuwa kimejaa maneno ya Kiarabu na ya Kiajemi. Hayo ni maoni yangu, lakini yanaingiana na mifupa.

Tena wengi wa waliopimwa walikuwa wenye vyeo, wa makaburi ya mawe karibu na misikiti. Mvuvi aliyezikwa mchangani, mtumwa wa shambani, hao bado hawajasema kitu.

Neno "cheti" halinitoki bure. Nilipokwenda kuomba kitambulisho, karani wa ofisi moja aliniuliza babu wa babu yangu alitoka nchi gani. Nilirudi mara tatu. Mama alisimama nami foleni akiwa ameshika cheti changu cha kuzaliwa, kimelowa jasho la mkono wake. Ndugu wa Malindi, ukimpa karani yule asilimia za damu, unafikiri atakuandika Mshirazi mwenye mji, au mgeni? Asilimia ile ile yaweza kukuinua barazani na kukutoa foleni.

Mzee wetu wa Shela, nakuheshimu, na kaburi si shimo la mchanga wa kujengea. Ila kukataa kila kitu kutawaachia wengine watuelezee. Nauliza kama utaridhika na masharti haya: wenye mji waombwe idhini kabla ya jembe kugusa ardhi, kichukuliwe kipande kidogo tu cha ule mfupa mgumu ulio ndani ya sikio, ambao huhifadhi DNA kuliko mingine, mifupa irudishwe ardhini na kusomewa dua, na matokeo yaletwe hapa yasomwe kwa Kiswahili, wanawake wakiwepo, kabla hayajachapishwa ng'ambo. Vijana wetu nao wafundishwe kazi ya maabara.

Kama limepungua sharti, mzee, liongeze. Nawe wa Malindi, kabla hujanijibu, kaa na mama yako umwombe akutajie mama zake, mpaka pale atakapokwama.