Tunaenda Disney World bila kuingia bustani hata moja, naombeni ushauri

MamaWatatu:
Habari zenu wakuu. Tunakwenda Walt Disney World, Florida, na mimi na mume wangu tumekubaliana safari hii hatununui tiketi za bustani zake za michezo na burudani. Tiketi ya siku moja inapita dola 100 kwa kichwa, na mtoto akishatimiza miaka 10 analipiwa kama mtu mzima. Lakini si hela tu. Mama mkwe magoti yanamsumbua, na kitinda mimba wetu wa miaka 5 umati na kelele humliza. Nataka wote wapumzike kweli. Tukae hoteli ipi? Na hawa wakubwa hawatanuna?

KobeMtulivu:
Dada, mmeamua vizuri. Hoteli ndiyo likizo yenyewe, kwa hiyo msibane sana hapo. Bwawa la kila hoteli ni la wageni wake tu, huwezi kulala kwa bei nafuu ukaenda kuogelea kwa jirani.

Mimi nasema hoteli ya Animal Kingdom Lodge. Twiga na pundamilia wanapita chini ya baraza, bibi anawatazama amekaa. Ulizeni kabisa kama chumba kinatazama wanyama, maana si vyote. Mkikosa, kuna sehemu za kutazamia ambazo mgeni yeyote anafika. Mgahawa wa Sanaa, upande wa hoteli hiyo uitwao Kidani Village, nendeni mchana, wanyama wanaonekana dirishani mkiwa mnakula.

BintiSafari:
Hoteli nzuri, ila iko pembeni na usafiri wake ni basi tu. Kwa mwenye magoti ningechagua zilizo kwenye njia ya monoreli, ile treni ya reli moja: Contemporary, Polynesian au Grand Floridian. Monoreli ni bure na haidai tiketi ya bustani. Usiku fataki za Magic Kingdom, ile bustani yenye ngome, mnaziona mkiwa ufukweni Polynesian, na yale maboti ya taa yanayopita ziwani tangu 1971.

BabaJunior:
BintiSafari, hapo tunatofautiana. Mtoto aione ngome ng'ambo ya maji kila asubuhi halafu aambiwe haingii? Ni kumtesa bure. Naunga mkono twiga.

MamaWatatu:
BabaJunior umenigusa, mwanangu wa miaka 9 ndiye ninayemwazia. Tukichoka na bwawa tunakwenda wapi?

BabaJunior:
Disney Springs, eneo la maduka na migahawa, kuingia ni bure na mabasi ya hoteli yanafika. Jioni moja nendeni Fort Wilderness, kambi ya Disney msituni, wanawasha moto, watoto wanaimba na wale wanyama wa katuni Chip na Dale bila kulipa. Skyliner nayo ni bure, vile vibanda vinavyopita angani kwenye waya. Huyo wa miaka 9 mpandishe hapo. Na mwambieni mpango mzima kabla hamjaondoka nyumbani, asije akaujua mlangoni.

KobeMtulivu:
Kama ni kiangazi cha kule, ogeleeni asubuhi. Mchana radi ni kawaida, na ikipiga karibu wanatoa watu majini, Skyliner nayo inasimama. Mchana huo ndio wa bibi kulala.

MamaWatatu:
Asanteni sana, tumechagua twiga. Meza ya Sanaa tunawekaje nafasi?

KobeMtulivu:
Nafasi zinafunguliwa siku 60 kabla ya siku ya kula. Amka mapema siku hiyo uombe meza ya dirishani. Hawaahidi, lakini omba.